Roli Niliyoificha

Agosti 2025 nilisimama mbele ya ukuta wa hadiwea moja mjini Naivasha nikiwa na shilingi elfu mbili mfukoni, nikiangalia vishikio vya tishu. Vya choo. Nilikuwa sijawahi kununua kitu kama hicho maishani, na muuzaji alikuwa ameshajua.

"Nyumba ni yako ama umekodi?"

"Nimekodi."

"Basi chukua hii ya kunyonya. Kwa nini utoboe ukuta wa mtu?"

Ile ya kunyonya ina kikombe cha mpira nyuma. Unakibandika kwenye taili, unabonyeza, kinashika. Kinashika wiki mbili, halafu usiku wa manane unasikia kitu kimeanguka chooni na unadhani ni mwizi. Kando yake palikuwa na ya plastiki nyeupe yenye kifuniko, ya chuma cha kung'aa iliyokunjwa tu kama kiwiko, na mwisho wa rafu lile dude kubwa la duara lenye kufuli, unaloliona kwenye maofisi. Roli inakaa ndani, ufunguo anakaa nao mtu mwingine.

Niliganda hapo dakika ishirini hivi. Utacheka, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na choo ndani ya nyumba. Bedsita, Kihoto, upande wa juu kidogo, mlango unafunga vizuri, choo cha kuflashi kwa ndoo. Kabla ya hapo niliishi ploti ya mabati: milango kumi na moja, vyoo viwili vya shimo. Kama umewahi kuishi ploti unajua kwamba tishu ni siri ambayo kila mtu anaijua. Unakata kiasi chako ndani ya nyumba, unazungusha mkononi, unaingiza mfukoni, unatoka ukijifanya unaenda kuangalia nguo kwenye kamba. Akina mama wanaificha ndani ya leso. Hakuna aliyeacha roli kule chooni hata siku moja. Na si kwamba tulikuwa wezi. Ni kwamba kitu kikiwekwa pale kinakuwa cha kila mtu, na cha kila mtu kikiisha hakuna wa kukirudisha.

Lakini kwa shosho yangu, Kinangop, ilikuwa tofauti. Choo chake cha mbao kilikuwa na msumari, na kwenye msumari kurasa za Taifa Leo zilizokatwa vipande sawasawa kwa kisu. Hakikukosa karatasi. Sisi wajukuu tulitumia majani au karatasi za daftari tukiwa na haraka, lakini zile za msumarini zilikuwa zinakatwa hata wiki ambayo hakuna mgeni aliyetarajiwa. Nilisoma nusu ya habari nyingi sana pale. Mpaka leo kuna kesi sijui ziliishaje.

Kwa hiyo pale hadiwea nilikuwa nachagua kati ya ule msumari na ile leso, ingawa sikuwa nimeliona hivyo. Nilidhani nachagua rangi.

Kila kishikio kina maoni yake kuhusu binadamu. Lile dude la kufuli linasema: ukiachwa peke yako utaiba. Pale stendi, ukilipa shilingi kumi kuingia choo cha umma, kishikio ni mkono wa mtu. Anakukatia kipande, anakuangalia usoni, na wewe unajiuliza amekukadiria nini. Beijing, mwaka 2017, kwenye bustani ya Hekalu la Mbinguni, waliweka mashine za kutambua sura: unasimama, inakupiga picha, inakupa karatasi kama sentimita 60, na ukitaka zaidi unasubiri dakika tisa. Fikiria una tumbo la kuendesha na unaambiwa subiri dakika tisa. Lakini waliozileta walikuwa na hoja, maana watu walikuwa wanabeba roli nzima nyumbani. Kule Marekani nako watu wenye shibe wanabishana kama karatasi itokee juu ya roli au chini yake, na wengine wanatoa mchoro wa hataza ya Seth Wheeler ya 1891 kuthibitisha kwamba ni juu. Sawa, ni juu. Mimi nilikuwa na swali la hatua ya kwanza: iwepo au isiwepo?

Darasa la mwisho nililohudhuria chuoni kabla karo haijanishinda lilikuwa la Plato na ile hadithi ya pete ya Gyges. Mchungaji anaokota pete, akiigeuza haonekani, na kwa kuwa haonekani anafanya kila kitu ambacho angeona haya kukifanya mbele za watu. Swali ni kama kuna mtu yeyote ambaye angebaki mwema akiwa na pete ile. Sikufanya mtihani, kwa hiyo sijui jibu lililotakiwa. Ninachojua ni kwamba kila mtu ana pete ya Gyges mara kadhaa kwa siku. Ni komeo la choo. Ukishalifunga hakuna anayejua umekata visanduku vinne au umezungusha mkono mara kumi na mbili, wala kama umetoka na kipande cha baadaye. Kuacha roli wazi nyuma ya mlango huo ni kumwambia mtu, hapa sitakuhesabu.

Nilinunua ya chuma. Shilingi 650, skrubu nne, na fundi akachukua 200 ya kutoboa. Mlinzi wa ploti alisimama mlangoni akisikiliza drili kama mtu anayesikiliza habari mbaya. "Unatoboa ukuta wa wenyewe," alisema, "na ziwa liko hapo."

Hakuwa anatania. Ziwa Naivasha linapokea maji ya Malewa na Gilgil na halina mto unaotoka nje juu ya ardhi. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu miaka kumi na kitu iliyopita: Baringo, Nakuru, Bogoria, na hili letu. Mwaka 2020 liliingia Kihoto, watu wakahama na magodoro kichwani. Maji yakashuka, kodi ikawa nafuu, tukarudi. Wengi wetu tuko hapa kwa sababu ni karibu na mji na karibu na gari za kwenda mashamba ya maua. Wapo wanaosema tulijenga kwenye njia ya ziwa. Inawezekana. Mimi sikujenga chochote, mimi nilifunga skrubu nne, na niliona kwamba mtu akiishi mahali kwa kuogopa skrubu, haishi hapo, amepanga foleni tu.

Ziwa lilirudi kabla mwaka haujaisha. Kama ulitazama habari uliona boti zinapita kati ya nyumba na watu wakishusha masufuria madirishani. Ila televisheni haikuonyesha sana kilichotangulia. Kabla maji hayajafika mlangoni yanafika kwenye shimo la choo. Yanapanda kutoka chini, kimya, na siku moja shimo limejaa na yale yaliyokuwa chini yako juu. Nyumba ni kavu, kitanda ni kikavu, na huna pa kwenda.

Ndivyo ilivyokuwa ploti ya ng'ambo ya njia yetu. Aliyekuja kwanza ni shosho mmoja, anaishi na binti yake anayefanya kazi kwenye maua, na wajukuu wanne. Alibisha hodi saa kumi na mbili asubuhi akiwa na ndoo ya maji.

"Kijana, samahani. Choo yetu imekataa. Maji nimekuja nayo."

"Ingia, shosho. Hata usiulize."

Kufikia Ijumaa walikuwa watu kumi na mmoja, kutoka nyumba tatu. Kila mmoja alikuja na ndoo yake ya kuflashi, amri ya shosho, na watoto walipigwa marufuku kuja mikono mitupu. Nami nilikuwa na kishikio changu kinachong'aa na roli juu yake, na nikiwa mkweli, niliona raha. Mtu anaingia, anafunga, anakuta karatasi. Nilijiona kama shosho wa Kinangop.

Roli moja hapo dukani ni shilingi 30. Mtu mmoja anaimaliza kwa wiki. Watu kumi na wawili, mmoja wao mtoto anayeona roli kama mchezo, wanaimaliza kwa siku, na siku nyingine haifiki jioni. Mimi nalipwa kwa makala, elfu moja mia tano ikiwa mhariri yuko vizuri, na wakati huo nilikuwa nadai makala tatu. Jumanne ya wiki ya pili niliamka nikiwa na roli moja na shilingi 80.

Niliichomoa roli, nikaificha nyuma ya kompyuta. Halafu nikafanya kitu kingine. Nikaokota kile kibomba cha kadibodi cha roli iliyopita, nikakirudisha kwenye kishikio, ili ionekane imeisha tu.

Kile kibomba ndicho nimekuwa nikibishana nacho tangu siku hiyo.

Kwa sababu ukiniuliza kama nilikuwa na wajibu wa kuwanunulia watu kumi na mmoja tishu, nina hoja zangu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa na ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Hakisemi jirani yake mwenye bedsita ndiye atakayevileta. Kuna dhuluma fulani katika jinsi wajibu wa serikali, ukiangushwa, unavyobingirika na kusimama kwa maskini wa kwanza mwenye choo kinachofanya kazi. Kwa nini haukubingirika kwenda kwa wenye nyumba za likizo? Hoja hiyo naiamini mpaka leo.

Hoja nyingine ni kwamba nilishafungua mlango, na huwezi kumkaribisha mtu chooni halafu umwache hapo katikati ya shughuli. Hii nayo naiamini. Zote mbili haziwezi kunisaidia, kwa sababu palikuwa na njia ya tatu, ya sentensi moja: "Majirani, tishu imenishinda, kila mtu aje na yake." Wangekuja nayo. Hawa ni watu waliokuja na maji bila kuambiwa! Wameishi ploti maisha yao yote, wanajua kukunja karatasi ndani ya leso kuliko mimi.

Kwa nini sikusema? Nimefikiria sana, na jibu halinipendezi. Kusema kungenirudisha ploti. Ningekuwa tena mmoja wa milango kumi na moja, mwenye kipande chake mfukoni. Nilitaka kubaki yule anayetoa, hata siku ambayo sina cha kutoa, na njia pekee ya kubaki hivyo ilikuwa kudanganya kwamba kitu kimeisha chenyewe, bila mkono wa mtu. Wahenga wanasema kuchamba kwingi huondoka na mavi. Mimi nilitaka kuonekana safi kupita kiasi.

Na ile pete ya Gyges. Pale hadiwea nilijiuliza watu watafanya nini nyuma ya mlango uliofungwa. Kumi na mmoja walipita hapo, na ninavyojua walikata karatasi na kumwaga maji. Aliyegeuza pete ni mwenye nyumba.

Kesho yake asubuhi shosho alikuja kama kawaida. Ndoo mkono wa kulia. Chini ya leso, upande wa kushoto, palikuwa na kitu kimevimba kidogo, na nilikijua umbo lake kabla sijafikiri. Alinisalimia vilevile, akauliza kama nimelala vizuri, akaingia. Binti yake naye jioni, vivyo hivyo. Hata yule mtoto alikuja amezungushiwa karatasi mkononi kama bandeji. Hakuna aliyesema neno. Sijui kama waliona roli nyuma ya kompyuta; bedsita haina pa kuficha kitu, na watoto wana macho. Au labda waliona tu kwamba imeisha, wakafanya linalofaa.

Alhamisi nililipwa makala moja. Nikanunua roli kumi, nikaweka moja kwenye kishikio, nyeupe, nono. Ilikaa hapo wiki nzima na haikupungua isipokuwa kwa kile nilichokata mimi. Nilimwambia shosho, "Tishu iko, jamani, msijisumbue." Akasema, "Asante, kijana," na kesho yake akaja na yake.

Walihama maji yalipofika kizingitini, wakapata chumba Karagita. Nilisaidia kubeba godoro mpaka kwenye mkokoteni. Shosho aliingia chooni mara ya mwisho, akakaa kidogo, akatoka akijifunga leso.

"Hiyo kitu yako ya ukuta imelegea," akaniambia. "Skrubu moja inatoka. Ita fundi."

Nilienda kuangalia. Ilikuwa kweli, ya juu kushoto.