Je, Ajali Haina Kinga?

Iko methali moja itajwayo sana msibani, nayo ni hii: Ajali haina kinga. Mtu akifa kwa kugongwa na motokaa, kabla hajazikwa, wazee huketi jamvini, na mmoja wao hulisema neno hilo, na wengine huitikia kwa kutikisa kichwa. Ni neno la kufariji, wala simlaumu alisemaye kwa huruma. Lakini leo nataka kuuliza kama ni neno la kweli, na kama Mkristo aweza kulisema na dhamiri yake ikatulia.

Sababu ya kuuliza ni hii. Shule nifundishayo iko kando ya barabara ya lami, katika mtaa ulio pembeni mwa mji. Asubuhi moja msichana wa darasa la pili aligongwa na daladala alipokuwa akivuka kuja shuleni, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Hakuwa wa kwanza kuumia hapo. Mwaka uliotangulia mvulana alivunjika mguu mahali palepale, na kabla yake mama mmoja muuza vitumbua alisukumwa mtaroni na pikipiki. Sisi walimu tulijua ya kuwa mahali pale ni pabaya. Kila Ijumaa tuliwaambia watoto mstarini watazame kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Tukaona tumemaliza wajibu wetu. Siku ya maziko nilipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya shule, nikasimama nikasema, Ajali haina kinga. Tangu siku ile neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Basi nikalichunguza. Ajali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni muda uliowekwa, yaani mwisho wa maisha ya mtu kama alivyoukadiria Mwenyezi Mungu. Kwa maana hiyo methali ni kweli, kwani saa ya kufa ikifika hakuna ngao. Lakini neno lilelile limekuja kutumika kwa kugongana kwa magari, na methali ikavuka pamoja nalo, wala hatukuuliza kama huko ng'ambo bado yafaa. Hivyo neno lililosemwa juu ya amri ya Mungu twalibandika juu ya breki mbovu, na juu ya barabara isiyo na mahali pa kuvukia.

Tena Maandiko yenyewe yanataja kinga. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, mtu ajengaye nyumba mpya ameamriwa kuzungushia paa ukuta mdogo, ili mtu akianguka hatia ya damu isiwe juu ya nyumba ile. Paa za nchi ile zilikuwa tambarare. Watu walipumzika huko na kusali huko, kama Petro alivyofanya Yafa. Angalieni jinsi sheria hii isivyomwuliza aliyeanguka kama alikuwa mlevi, au mzembe, au mtoto achezaye. Yajua ya kuwa watu ni watu, na kwamba siku moja atakuwako mmoja atakayerudi nyuma bila kutazama. Kwa hiyo yamwendea mjenzi kabla mtu hajaanguka.

Mtu atasema, Huyo ni mjenzi wa nyumba. Barabara ina dereva, naye ndiye mwenye kosa. Dereva ana kosa, sikatai, na sheria na imshike. Lakini nawaombeni mfanye hesabu kidogo pamoja nami. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kwa nukta moja. Mtoto akitokea ghafula, dereva hutumia kama nukta moja kabla mguu wake haujagusa breki, na gari limekwisha kwenda meta 14, ambazo ni zaidi ya urefu wa darasa langu. Kwa kilometa 30 ni meta 8 tu. Tena nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. 50 mara 50, igawanye kwa 30 mara 30, utaona ni karibu mara 3. Mwili wa mtoto hauwezi kubishana na hesabu hiyo, hata akiwa mtiifu namna gani. Tuta la barabarani laweza kumpunguzia mwendo dereva mwema na dereva mbaya pia, usiku na mchana, wala halili rushwa.

Katika Kutoka, sura ya 21, kuna habari ya ng'ombe apigaye watu pembe. Akiua mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alizoea kupiga, na mwenyewe alionywa asimzuie, hatia ni ya mwenyewe. Hapo ndipo nilipojiona mimi. Barabara yetu ilikuwa imezoea kupiga. Je, mwenyewe alionywa? Ofisi ipasikayo na barabara ile haikupata kuletewa hata barua moja kutoka shuleni kwetu. Sisi tuliojua hatukusema, na wale wawezao kutenda waliweza kujibu kwa haki kwamba hawakuambiwa. Twadhani kunyamaza ni upole, kumbe mara nyingine kunyamaza kwamlinda mwenye ng'ombe.

Katika nchi ya Uholanzi, mwaka 1971, watu zaidi ya 3,000 waliuawa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa gazeti aitwaye Vic Langenhoff alifiwa na binti yake. Mwaka 1972 akaandika katika gazeti lake, De Tijd, akatumia neno “kindermoord”, yaani mauaji ya watoto, na Waholanzi hulitumia neno hilohilo kwa mauaji ya watoto wa Bethlehemu wakati wa Herode. Lilikuwa neno kali, na naamini aliyelichagua alijua analolifanya, kwani lilikataa kabisa kuitwa bahati mbaya. Wazazi wakaungana, wakafunga njia ili watoto wacheze, wakawaendea wakubwa wa miji. Nchi ile haikubadilika kwa siku moja, wala si kwa ajili yao peke yao. Lakini mwaka 2023 waliokufa barabarani huko walikuwa 684, na watu wa nchi wameongezeka sana tangu siku zile. Kama ajali haina kinga, hao maelfu wanaopona kila mwaka wameponaje?

Hata hapa kwetu mambo hayo yamejaribiwa. Shirika liitwalo Amend lilianza Dar es Salaam kuchunguza ni shule zipi ambazo watoto wake huumizwa zaidi, kisha likaweka matuta, alama za kuvukia, njia za miguu, na mahali pengine kuhamisha lango la shule. Ni vitu vya bei nafuu. Wakapima kabla na baada, wakaona majeruhi wamepungua. Na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute. Naitaja kwa kuwa kuna watu wadhanio kwamba njia salama ni anasa ya nchi tajiri.

Lakini nilipozidi kufikiri niliona kwamba tuta peke yake halitoshi. Kwa nini mtoto wetu alikuwa barabarani alfajiri, giza halijaondoka? Kwa sababu alitoka mbali, na kondakta wa daladala hapendi kumpakia mwanafunzi, kwa kuwa nauli yake ni ndogo na kiti ni kilekile. Na kwa nini alikaa mbali? Kwa sababu kodi ya vyumba vilivyo karibu ilimshinda baba yake, akahama hata pale alipopata chumba. Tangu Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yana njia yao wenyewe kutoka Kimara hata Kivukoni, na wengi wamepata nafuu. Lakini mwenye kukaa ndani kabisa, nyuma ya bonde, hufika kituoni kwa miguu au kwa bodaboda. Nyumba, nauli na barabara ni nyuzi za kamba moja. Tukiomba tuta na kunyamaza juu ya nyumba, tumeziba tundu moja la pakacha.

Tulipoanza kuandika barua, mzee mmoja wa kanisa, mtu nimheshimuye, aliniita kando akasema, “Mwalimu, mambo ya barabara ni siasa. Sisi kazi yetu ni roho za watu.” Nilimjibu, “Mzee wangu, mwenye roho hiyo alikuwa akitembea kwa miguu.” Sijui kama nilimjibu kwa adabu ya kutosha. Lakini naona ya kuwa kumwomba mtawala jambo la haki, kwa barua yenye majina na tarehe za walioumia, si kumwasi. Ni kumsaidia asiwe na hatia. Na wasomaji wa vijijini wasiseme haya ni ya mjini. Lami yaja kwenu pia, na bodaboda zimekwisha kuja. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 yataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi 3. Ni wangapi kati yetu waliokwisha kusimama humo wakaonyesha mahali watoto wanapovukia?

Barua zetu zilikuwa tatu, na mikutano sikuihesabu. Mara moja tuliambiwa jalada limepotea, tukaanza upya. Mwaka wa pili matuta mawili yalijengwa, na alama nyeupe kati yake. Madereva walinung'unika majuma mawili, kisha wakazoea.

Siku ya tatu mama yake yule msichana alikuja kuyatazama. Alisimama kitambo kando ya barabara, watoto wakivuka, kisha akaniuliza, “Mwalimu, haya yamegharimu kiasi gani?” Nikamtajia. Hakusema neno tena. Akajifunga khanga yake vizuri, akavuka, akaenda zake sokoni.