Baba Asiye na Kitu Mfukoni



Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja nilipoachishwa kazi. Kwa miezi minne nilitoka nyumbani asubuhi nikiwa na tai, nikaenda kukaa Jeevanjee Gardens, nikarudi usiku mtoto akiwa amelala. Mke wangu ndiye alitulisha kwa mandazi. Nilisema natafuta kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia mwenye nyumba, nikimwachia mke wangu kazi ya kumjibu.

Siku hizi nikiwatembelea ndugu zetu kwenye ploti, naikuta hadithi ile ile. Kibarua cha mjengo ni siku mbili kwa wiki. Mwanamume anaingia saa tano usiku, hajalewa, ila anaogopa kuulizwa, "Baba, umetuletea nini?" Je, mtu kama huyu bado ni kichwa cha nyumba?

Wengi hunijibu na 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani kwake ameikana imani. Andiko ni kweli, na halimwachi mvivu wala anayekunywa pesa ya unga. Lakini tumelisoma kama bili. Mimi nilisomea biashara, na nilipopiga hesabu za chuoni nyumbani kwangu, nilijiona hasara tupu.

Sasa mwangalie Yusufu. Luka 2:24 inasema walipeleka hekaluni sadaka ya ndege wawili. Ukisoma Walawi 12:8 utaona hiyo ilikuwa sadaka ya asiyeweza kununua mwana-kondoo. Kumbe Mungu alimkabidhi Mwanawe kwa fundi ambaye hakuwa na pesa ya kondoo! Na Yesu alipobaki Yerusalemu akiwa na miaka 12, Yusufu hakumwachia Mariamu kazi ya kumtafuta. Walitafuta wote wawili, mpaka siku ya tatu wakampata.

Utaniambia, "Pasta, kukaa nyumbani hakulipi kodi." Ni kweli, hakulipi. Lakini kujificha pia hakulipi, na kunaleta deni la pili: mama anabeba njaa na maswali peke yake. Kukosa pesa si dhambi. Dhambi ni kumwachia mwenzako aibu yenu wawili.

Na sisi kanisa tutubu. Siku ya Akina Baba tuliwasimamisha wanaume waliotoa mchango mkubwa, tukawapigia makofi. Waliobaki wameketi, wengine hatujawaona tena.

Mimi niliokolewa na swali la mke wangu: "Baba Junior, hiyo tai unamvalia nani? Kesho amka tukande unga." Nikaamka, nikakanda. Mwenye nyumba alipobisha, nilifungua mlango mwenyewe, nikaomba wiki mbili. Alinifokea mbele ya majirani. Sikufa. Na usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, mke wangu alilala kabla yangu.

Ndugu yangu, endelea kutafuta kazi kwa bidii. Lakini wiki hii mwambie mke wako ukweli wa mfuko wako. Rudi watoto wakiwa macho. Shika daftari la mtoto, chota maji, omba nao. Mwenye nyumba akibisha, fungua wewe.

Bwana akutie nguvu. Amina.