Mgema, Tembo na Gita Kali

Kiswahili kimetuachia methali mbili kuhusu msanii wa nyumbani, na hazipatani. Ya kwanza inasema mcheza kwao hutunzwa. Ya pili inasema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ya kwanza inakuambia utie mkono mfukoni umtunze mtu wenu, kwani usipomtunza wewe atamtunza nani? Ya pili inakuonya kwamba hizo hizo sifa zako ndizo zitakazomharibu. Watu wengi wanaishi maisha yao yote bila kulazimika kuchagua kati ya hizo mbili. Lakini ukiwa shabiki wa roki na metali hapa Kenya, huna bahati hiyo. Kila albamu mpya ya bendi ya kwetu inakuweka njia panda.

Hebu nieleze. Sisi ni wachache. Hapa Makindu ukipita stendi jioni, utasikia gita la benga ya Kikamba likilia kutoka karibu kila matatu, na Jumapili ni kwaya kutoka kila upande. Sina ugomvi na benga. Kakai Kilonzo alifariki 1987 na gita la Kilimambogo Brothers bado linakata kama kisu kipya. Lakini msee anayesikiliza metali mji huu anajulikana kwa jina, na mama yake ameshaulizwa kanisani kama kijana yuko sawa. Nairobi mko wengi kidogo, ila hata huko ukienda shoo ya metali utakuta nyuso zile zile, fulana nyeusi zile zile. Kwa hivyo bendi ikitoa albamu, hakuna maoni ya mtu baki. Mpiga dramu ni rafiki ya rafiki yako. Ukisema kazi yake ni mbaya, atakuwa amesoma kabla ya chakula cha jioni.

Swali langu ni hili basi: je, nina wajibu wa kuisifu albamu kwa sababu ni ya kwetu?

Angalia kwanza tunavyowaongelea wakubwa. Metallica walitoa ...And Justice for All mwaka 1988, na hadi leo shabiki yeyote atakuambia, hata bila kuulizwa, kwamba besi la Jason Newsted halisikiki. Mwaka 2003 wakatoa St. Anger, na mashabiki dunia nzima wakalalamika kwamba ile dramu ndogo inalia kama sufuria tupu. Mimi ni mmoja wao. Lakini Master of Puppets ya 1986, nikiiwasha basi likitoka Makindu, nyimbo zake nane zinanifikisha karibu na Emali, malori yakiruhusu, na sijawahi kuruka hata mmoja. Unaona? Ukali wangu juu ya St. Anger ndio unaoipa uzito sifa ninayoipa Master of Puppets. Ningekuambia zote ni moto, ungekuwa umejifunza nini?

Ikija zamu ya bendi ya nyumbani, ukali huo unayeyuka. Ghafla kila kitu ni "kazi safi", "tunasonga", "support zetu". Ukiwabana wanaosema hivyo, watakupa sababu tatu. Zote zinastahili kusikilizwa.

Ya kwanza: ladha haina hakimu. Kipendacho roho hula nyama mbichi, kwa hivyo wewe ni nani wa kusema albamu ya mtu ni mbaya? Sawa. Lakini kama lawama yangu ni ladha tu, basi hata sifa yangu ni ladha tu, na hiyo sifa mnayoiomba haina thamani yoyote. Huwezi kuikataa mizani inapokuonyesha umepungukiwa, halafu uikubali inapokupendelea. Tena, hakuna shabiki wa kweli anayeamini hivyo usiku wa manane akibishana. Tunabishana kwa sababu tunaamini kuna kitu cha kubishaniwa.

Ya pili: hawana pesa. Studio ni ghali, gita zuri ni ghali, na anayejua kurekodi metali lazima umtafute kwa tochi. Hii ni kweli na inauma. Lakini kumbuka muziki wenyewe ulikotoka. Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani Birmingham akiwa kijana wa miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaendelea kupiga, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimtese. Sehemu ya ule uzito tunaoupenda ilizaliwa hapo. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 1970, ilirekodiwa kwa siku moja tu. Au sogea karibu, Zambia, usikilize Lazy Bones!! ya WITCH ya mwaka 1975. Sauti imekwaruza, lakini roho imejaa. Kwa hivyo sauti mbovu naisamehe kila siku, bure. Ninachoshindwa kusamehe ni albamu isiyokuwa na neno la kusema.

Ya tatu ndiyo nzito: mkiwaponda watakufa. Bendi ya Marekani ikisemwa vibaya ina mashabiki milioni wa kuitetea. Ya kwetu ina mia, na ukiwavunja moyo ishirini hakuna shoo tena. Hapa sina jibu la haraka. Kwanza wakosoaji hukosea, na hukosea vibaya. Ile albamu ya Black Sabbath, leo inaitwa mama wa metali, lakini ilipotoka jarida la Rolling Stone liliiponda. Sabbath hawakufa kwa sababu walikuwa na watu wengi waliosikia tofauti. Kwetu, ambako wanaoandika ni wachache mno, sauti moja ikikosea inaweza kuziba mlango mzima. Hiyo inanilazimisha kutoa sababu, ili msomaji aone mwenyewe ni wapi nimepotoka. Kusema uongo hainilazimishi.

Nikuambie kisa kimoja, kwa sababu nadharia ni rahisi kama hakuna anayeumia. Mwaka jana vijana wanne wa huku Ukambani, majina nitayaweka mfukoni, walinitumia nyimbo sita kabla ya kuzitoa. Walikuwa wamechanga kwa mwaka mzima, na mpiga besi aliuza mbuzi wawili. Waliniomba niandike neno la kuwapigia debe. Nilisikiliza mara nne. Gita lilikuwa safi, dramu zimeshikana. Lakini mwimbaji alikuwa ananguruma kwa lafudhi ya mtu wa Florida, na alikuwa akiimba kuhusu theluji. Theluji, jamani! Hapa Makindu, ukiacha kandambili juani saa saba mchana utazikuta zimejikunja. Theluji ya karibu iko juu ya Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka. Kuna mahindi yaliyokauka yakiwa magotini. Kuna barabara ya Mombasa inayomeza watu. Kuna vijana wenye diploma wanaouza maembe kwa madereva wa malori. Hasira ya kutosha albamu kumi iko hapa hapa, na mtu ameenda kukopa baridi ya Norway.

Niliwaambia hivyo, wao kwanza. Nikawaambia wimbo wa pili na wa tano ni wenu, hiyo minne nimeshaisikia kwa watu wanaoiweza zaidi. Mwimbaji alinipigia tukaongea saa nzima. Mpiga dramu hadi leo tukikutana anatazama simu yake. Nyimbo zilitoka zote sita, vile vile zilivyokuwa. Mbuzi hawakurudi. Sisemi kwamba nilishinda chochote. Nasema tu kwamba neno la kuwapigia debe lingekuwa rahisi, na lingewaambia kwamba sikuona haja ya kusikiliza vizuri.

Sasa, hapa Makindu tuna mahali pawili pa kula panaponisaidia kufikiri. Pa kwanza ni Gurudwara, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, enzi za watu wa reli. Mpita njia yeyote anaingia, anafunika kichwa, anapewa chapati na dengu na chai, bila malipo wala maswali. Pale huwezi kusema dengu imepungua chumvi. Umepewa, shukuru. Pa pili ni hoteli yoyote ya kando ya barabara. Pale umelipa soo mbili, ugali ukija mbichi unaurudisha, na hakuna atakayesema huna adabu.

Wanaotaka nisifu kila kitu wanaiona albamu ya nyumbani kama chakula cha hekalu: tumepewa, tushukuru. Wanaoponda kwa furaha mtandaoni wanaiona kama sahani ya hotelini: nimelipa, nitasema. Kwangu wote wamekosea mahali. Bendi haikunipa sadaka, inataka kusikilizwa kwa haki. Na mimi si mteja tu, kwa sababu bila hawa hakuna muziki wa kwetu wa kununua.

Kuna jambo la tatu, na kila mtu wa Makueni analijua: mwethya. Majirani wanakutana na majembe kwenye shamba la mmoja wao, wanachimba mitaro ya fanya juu, udongo unatupwa upande wa juu ili maji ya mvua yasipite na shamba. Kesho wanahamia kwa mwingine. Milima ya huku, tangu Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, imeshikiliwa na kazi hiyo, na wengi walioifanya ni akina mama. Sasa mwenzako akichimba mtaro kombo, huwezi kumwambia "kazi safi, tunasonga". Mvua ikija, mtaro wa juu ukipasuka, unabomoa yote iliyo chini yake. Unamwambia pale pale: mama nanii, hapa maji yatapita. Na anakusikiliza kwa sababu una jembe mkononi na jasho usoni. Asiye na jembe, aliyesimama barabarani akicheka mitaro ya watu, huyo hana neno.

Albamu ya nyumbani naiona hivyo. Haki ya kuikosoa haitokani na kujua kupiga gita. Inatokana na kuja na jembe: ulilipa kiingilio, ulinunua nyimbo badala ya kuomba zitumwe kwa simu, ulisikiliza mwanzo hadi mwisho. Na ukishakuja na jembe, kukosoa kunageuka deni. Albamu tupu ikisifiwa, mgeni aliyesikia sifa atalipa thao yake aingie shoo, ataboeka, na hatarudi hata siku bendi nzuri itakapopanda jukwaani. Mtaro wa juu umepasuka.

Kuna sifa nyingine ninayoiogopa zaidi ya uongo wa marafiki: kusifiwa kwa sababu tu tupo. Mtoto akipiga hatua ya kwanza nyumba nzima hupiga makofi. Akiwa na miaka 20, ukimpigia makofi kwa kutembea, unamtukana. Mara nyingi wageni wakiandika juu ya metali ya Afrika wanapiga makofi ya aina hiyo: lo, hata huko wanapiga! Chukua Duma, kundi la Martin Khanja na Sam Karugu, wote waliotokea bendi za metali za Nairobi. Albamu yao yenye jina hilo hilo ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi Waswahili tunasikia mnyama mwenye mbio. Wao walikusudia giza, kwa Kikuyu. Majina yote mawili yanaifaa. Naipenda kwa sababu haifanani na mtu: dramu za mashine zinazokimbia kama zinafukuzwa, na sauti inayopasua. Pia nasema kuna vipande vinavyoisha kabla havijasema kitu. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024 kupitia lebo yake, Haekalu. Ni kitukuu cha Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Mau Mau, aliyefariki 2023, na hasira ya albamu hiyo ina ukoo, haikukopwa popote. Lakini wageni walioalikwa ni wengi hadi mara nyingine mwenye nyumba anakosa kiti. Nayasema yote mawili kwa sababu ni kazi ya mtu mzima, na mtu mzima huambiwa yote mawili.

Kwa hivyo najiwekea masharti machache. Sitawaandikia wasomaji jambo ambalo siwezi kuiambia bendi uso kwa uso. Wasiponiuliza na sina jema la kusema, naweza kunyamaza; kunyamaza si uongo. Wakiniuliza, watapata jibu, na sababu zake, na wimbo ule mmoja mzuri nitautaja kwa jina kama upo. Na siku watakayotoa albamu kali, sifa yangu itakuwa na uzito, maana wanajua sitoi ovyo.

Turudi kwenye zile methali. Ukizisoma polepole, hazigombani. Ya kwanza haikusema mcheza kwao husifiwa. Ilisema hutunzwa. Na kutunza, kwa Kiswahili chetu, ni kumtuza mchezaji uwanjani, na pia ni kumlea mtu asiharibike. Anayemtunza mgema ndiye anayeonja tembo kwanza, na likiwa na maji, anamwambia.