Mzigo wa Mvuvi na Deni la Waliookoka

Katika toleo hili tumeona vema kuzungumza juu ya jambo ambalo vijana wetu waliozaliwa hapa Nyarugusu wanalisikia tu kwa wazazi, nalo ni namna wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanavyopunguza mizigo kabla ya kuingia majini. Sisi tunaoandika tulivua upande wa Baraka na Fizi kabla ya mwaka 1996. Tunaliandika kwa sababu hata leo kuna familia kati yetu ambazo hazisalimiani vizuri, na chanzo chake ni mizigo iliyotupwa ziwani mwaka ule.

Uvuvi wa ndagala, ambao wenyeji wetu hapa Tanzania huwaita dagaa, hufanyika usiku wakati hakuna mbalamwezi, kwa kuwa samaki hao hufuata mwanga wa taa. Zamani zetu tulitumia karabai. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri. Chombo hubeba wavu mkubwa, miti yake, kamba, taa, mafuta ya taa, makasia na kopo la kuchotea maji yanayoingia. Juu ya hayo kila mmoja ana vitu vyake: chakula, blanketi, koti, redio, na pengine wavu mdogo wa kujitafutia kitoweo cha nyumbani. Ukivitazama kimoja kimoja, vyote ni vyepesi. Vikikusanywa pamoja, ukingo wa chombo unakaribia maji.

Mvuvi hapunguzi mzigo kwa kupenda umaskini. Chombo kizito huwachosha wapiga kasia kabla kazi haijaanza. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na hata wimbi dogo huingia katika chombo kilichozama sana. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina kirefu kuliko pote, basi huko katikati nanga haishiki kitu. Tena kuna jambo ambalo wanaojifunza kazi husahau: samaki nao wana uzito. Chombo kinachoondoka kimejaa kitawaweka wapi samaki?

Katika kundi letu, vitu vyote viliwekwa kwanza mchangani, mbele ya watu wote. Mzee wetu hakuuliza kitu hiki ni kizito kiasi gani. Aliuliza, "Kikiachwa, nani ataumia?" Naye alianza na vitu vyake mwenyewe. Aliweka pembeni blanketi lake, ndipo akatazama vya wengine. Na kama mtu aliombwa kuacha taa yake ufukweni ili chombo kiwe chepesi, fungu lake la samaki halikukatwa asubuhi. Taa yake iliachwa kwa faida ya wote, basi wote waliibeba hasara hiyo.

Siku moja mzee alikuwa mgonjwa, na sisi vijana tukapunguza mizigo wenyewe. Tuliacha kasia moja na lile kopo la kuchotea maji, tukabaki na redio na makoti yetu mazuri. Chombo kilikuwa chepesi kweli. Upepo ulipokuja tulichota maji kwa viganja na kwa sufuria ya ugali mpaka kulipokucha. Hapo tulijifunza kwamba kupunguza mzigo si hekima yenyewe. Mtu anaweza kuacha kinachowalinda wote na kubaki na kinachompendeza yeye peke yake.

Sasa tuje kwenye swali lililotufanya tuandike. Mwaka 1996 vita vilipotufikia, wengi wetu tulivuka kuja Kigoma kwa vyombo vilevile vya uvuvi. Safari hiyo hakuna aliyeweka vitu mchangani. Watu walipanda na magodoro, masufuria, mbuzi, magunia ya chumvi, vyerehani. Usiku upepo ukainuka na maji yakaanza kuingia. Tukaanza kutupa. Katika chombo kimoja tulitupa cherehani ya mama mmoja aliyekuwa mjane. Ilikuwa nzito, na ilikuwa karibu na mkono. Tulifika salama. Kulipokucha tuliona kwamba mmoja wetu alikuwa ameficha gunia lake la chumvi chini ya nyavu. Alifika nalo, akaliuza Kigoma. Yule mama alifika mikono mitupu.

Je, mama yule alidai haki alipokasirika? Au sisi tulisema kweli tulipomjibu kwamba ashukuru kuwa yu hai?

Kitabu cha Matendo, sura ya 27, kinaeleza safari ya Paulo kwenda Rumi katika meli yenye watu 276. Walitupa kwanza shehena, siku ya tatu vifaa vya meli, na mwisho, baada ya watu kula, wakatupa ngano. Hawakukosea, kwa maana uhai hauna bei. Na Yona naye anatuonya. Mabaharia walitupa mali zao ili meli iwe nyepesi, kumbe aliyeleta dhoruba alikuwa amelala chini. Mara nyingi asiye na kosa ndiye anayetupiwa mali, na mwenye sababu amelala usingizi.

Lakini kutupa kwa haki hakumalizi deni. Watu wa kale walilijua hili. Katika kisiwa cha Rodo, ambacho Paulo alikipitia katika safari zake, walisifika kwa sheria ya bahari ambayo baadaye iliingizwa katika vitabu vya sheria vya Kaisari Yustiniano mwaka 533. Sheria hiyo ilisema kwamba mali ya mmoja ikitupwa baharini ili kuokoa chombo, wote waliookolewa mali zao walipe sehemu ya hasara yake. Hata leo meli kubwa za mizigo hufuata kanuni hiyo, katika zile ziitwazo Kanuni za York-Antwerp. Basi mataifa wanajua, na mzee wetu kule mchangani alijua bila kusoma: kilichotolewa kwa ajili ya wote kisiachwe kuwa hasara ya mmoja.

Wengine watasema, "Sisi ni wakimbizi, tutalipa na nini?" Ni kweli, na mwenye gunia la chumvi naye alikuwa na watoto wenye njaa. Hatuandiki ili kumhukumu. Lakini yule mama hakudai cherehani mpya. Alichotaka kusikia ni mtu mmoja akisema, "Mama, tulivuka kwa mali yako." Hakuna aliyesema. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hasara ya mjane ilikuwa nyepesi kwetu kwa sababu haikuwa yetu. Neno lile halikuhitaji fedha. Kumlimia bustani kulihitaji mikono tu, na mikono tulikuwa nayo.

Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ilipofungwa na wengi kuhamishiwa hapa, tulifunga mizigo tena, na tena tulibishana ni cha nani kiachwe. Hatujui tutafunga mizigo mara ngapi zaidi. Kwa hiyo tunaziomba familia zetu zikumbuke desturi ya wavuvi. Vitu viwekwe mchangani mbele ya wote, pasiwe na gunia lililofichwa chini ya nyavu. Mwenye nguvu aanze na vya kwake. Kopo la wote lisiachwe. Na aliyeacha kitu kwa ajili ya wengine, asubuhi apate fungu lake.

Yule mama bado yuko nasi, amezeeka. Sisi tuliokuwa katika chombo kile na ambao tungali hai tumekubaliana kwenda kwake pamoja baada ya ibada, na kumwambia neno ambalo tulipaswa kumwambia ufukweni Kigoma. Tumechelewa sana. Tunaomba wengine wenye deni kama letu wasisubiri kama tulivyosubiri sisi.

Bwana awabariki.