Tuzo ya Mchezaji wa Benchi

Mwaka 2017 waandishi wa michezo walimpa Eric Gordon wa Houston tuzo ya NBA ya mchezaji bora anayetokea benchi. Andre Iguodala wa Golden State akawa wa pili. Gordon alifunga wastani wa pointi 16 kwa mchezo; Iguodala hakufikisha 8, ila alikaba na kugawa mipira, na timu yake ikatwaa ubingwa.

Gordon hakumdhulumu mtu, lakini mimi ningemchagua Iguodala. Pointi ni rahisi kuhesabu, na mwenye kuhukumu huelemea kinachohesabika. Nasi katika jumuiya humsifu mhadhiri, tukamsahau aliyetandika mikeka. Uadilifu ni kumtafuta huyo kabla ya kuhukumu. Naye asivunjike moyo: kwa Allah hakipotei kitu.