Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Ini la Kijana



Juzi baada ya tarawehe mzee mmoja wa hapa kwetu Ipagala alibaki nyuma. Viatu vyote vimeshaondoka mlangoni, yeye bado kakaa. Ini lake limeharibika. Madaktari wamemwambia kilichobaki ni kupandikizwa kipande cha ini kutoka kwa ndugu aliye hai, na safari ni ya India. Kaka yake wa miaka 61 yuko tayari kutoa. Mwanawe ana miaka 22. Ukoo umekaa, umeamua: atoe kijana, la kwake litaota haraka.

"Sheikh, hakuna aliyemuuliza," akaniambia. "Na mimi nataka kupona. Ninyamaze?"

Ameniruhusu niwaletee swali lake, bila jina.

Kwetu Dodoma jambo hili si geni. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Ila ini si kama figo. Ukitoa figo, haioti nyingine. Iliyobaki inabeba kazi ya mbili. Ini hukua tena. Mtu mzima anaweza kutoa hata asilimia 60 ya ini lake, na sehemu iliyobaki ikatanuka mpaka kukaribia ukubwa wa zamani ndani ya miezi miwili mitatu. Subhanallah.

Na umri una nafasi yake hapo. Ini la kijana hukua upya upesi zaidi. La mtu mzima sana hukua pia, lakini taratibu, ndiyo maana hospitali nyingi huweka ukomo wa mtoaji kwenye miaka 55 au 60. Huko si kumdharau mzee. Hata swaumu hii, mzee asiyeiweza hulisha maskini, na hakuna anayesema imani yake imechakaa.

Kwa hiyo ukoo haukusema uongo. Lakini hebu tufikiri pamoja. Kama kuota haraka ndiyo hoja, mbona hatumpeleki mtoto wa miaka 10, ambaye mwili wake bado unajijenga kila siku? Hatumgusi, kwa sababu hawezi kuridhia. Mwaka 1988 wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikutana Jeddah. Waliruhusu mtu kutoa kile kinachojirudisha chenyewe mwilini, mfano wao ukiwa damu na ngozi, kwa sharti kwamba mtoaji awe na uwezo kamili wa kujiamulia kisheria. Hawakusema atoe mwenye mwili unaopona haraka. Walitazama akili na hiari ya mwenye mwili.

Utauliza, na wema kwa wazazi je? Ni wajibu, tena mkubwa. Lakini sioni kwamba wajibu huo unafika mahali pa kumlaza mtu kwenye kisu bila kumuuliza. Upasuaji huu ni mkubwa, na wapo watoaji, wachache, waliofariki. Ini huota, uhai hauoti.

Na jamani, tunajijua. Kijana akikalishwa mbele ya baba mgonjwa na wajomba watano, "ndiyo" yake inaweza kuwa woga tu. Kunyamaza kwake hapo si ridhaa.

Nikamwambia mzee: "Nenda wewe mwenyewe. Mwambie mwanao anaweza kukataa, na utabaki kuwa baba yake. Kisha aonane na daktari peke yake. Akirudi na ndiyo, pokea bila aibu, hiyo ni zawadi."

"Na akikataa?"

Hapo tulikaa kimya kidogo. Nikamwambia, basi kaka yako apimwe, daktari ndiye aseme, na sisi tutaendelea kukuombea. Aliondoka akiwa mzito. Sikuwa na jibu jepesi zaidi ya hilo.

Leo kabla ya futari, tazama nyumbani kwako. Nani anabebeshwa kila kitu kwa sababu tu "bado ana nguvu"? Binti anayeamka wa kwanza kupika daku na kulala wa mwisho akiosha vyombo? Kijana anayelipia ada za wadogo zake wote? Muulize leo, na uwe tayari kusikia hapana.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, uwalinde wanaojitolea, na utuepushe kudhulumu kwa jina la mapenzi. Amin.