Wa Mwisho Ndiye Mwenye Uwanja

Katika mbio za magari kumi, mmoja anashinda na tisa wanashindwa. Hesabu hiyo ni nyepesi mno hata watu wanaipita bila kuitazama, na bado ndiyo inayoamua kama uwanja wa mchezo utadumu au utaota majani. Nasema juu ya viwanja vya magari madogo yanayoendeshwa kwa rimoti: njia ya udongo ulioshindiliwa au ya zulia, jukwaa la kusimamia madereva, mbio za dakika tano kwa chaji moja ya betri. Anayelipa kiingilio na kununua matairi na vipuri, wiki kwa wiki, mara nyingi ni mtu anayejua kwamba leo hatashinda. Kwa hiyo mwenye uwanja hauzi ushindi, maana ushindi anao mmoja tu wa kugawa. Anachouza ni dakika tano ambazo mtu anaweza kushindwa na bado akatamani kurudi. Mgeni ndiye anayeshindwa vibaya kuliko wote, na kwa sababu hiyo kanuni za uwanja zitungwe kwa kumfikiria yeye kwanza, bingwa baadaye. Nayasema haya nikiwawaza vijana wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, ambako mchezo huu ungekuta mikono iliyokwisha kuzoea kazi yake.

Ushahidi upo, na ni wa kusikitisha. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1960, kulifunguliwa maelfu ya maduka yenye mchezo jamaa na huu: magari madogo ya umeme yakikimbia ndani ya mifuo iliyochongwa juu ya meza kubwa, mtu akilipia muda wa kucheza. Kabla muongo haujaisha, mengi yalikuwa yamefungwa. Sababu hazikuwa moja. Kodi ya nyumba ilikuwepo, na vijana wana mapenzi ya kupita. Lakini ipo moja ambayo watu wa mchezo ule wameirudia tangu wakati huo: wazoefu walisuka upya waya za mota zao, wakapunguza uzito, wakaongeza kasi, mpaka mtoto aliyefika na gari jipya kutoka dukani akawa anazungukwa mara tatu, mara nne, kabla hajajua aachie wapi na abane wapi. Alirudi nyumbani na hakuonekana tena. Wazoefu wakabaki peke yao, wakashindana wenyewe kwa wenyewe, na wachache hao hawakuweza kulipa kodi ya jengo.

Waliofaulu walipita njia nyingine. Kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyotoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976, ilileta mwaka 1984 gari liitwalo Grasshopper. Halikuwa na sifa ya kasi. Mota yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kawaida, vipande vyake vichache, na mtoto mwenye bisibisi na subira angeweza kuliunda mwenyewe. Wengi walioingia katika mchezo miaka ile waliingia kwa gari hilo au ndugu zake, na miaka ya 2000 kampuni ikalitoa upya, kwa sababu watu walikuwa bado wanalitaka. Udhaifu wa mota ndio uliokuwa mlango: gari la polepole linampa mkono muda wa kujifunza.

Ipo desturi moja ya viwanja hivi ninayoipenda kuliko kombe lolote. Kundi likimaliza mbio, madereva wake hawaendi kupumzika. Wanateremka jukwaani, kila mmoja anasimama kwenye kona yake, na mbio za kundi linalofuata zikianza wao ndio wanaokimbilia magari yaliyopinduka na kuyarudisha njiani. Aliyeshinda sasa hivi anainama kuliinua gari la aliye wa mwisho. Desturi hii haigharimu kitu, na inamfanyia mgeni mambo mawili kwa pamoja: gari lake halilali chali huku wengine wakicheka, na yeye mwenyewe, hata akiwa hajui kuendesha, siku ya kwanza tu amepewa kona ya kusimamia na watu wanamhitaji. Mtu mwenye kazi mahali fulani harudi kama mtazamaji. Ukiongeza kanuni kwamba wanaoanza watumie mota ya aina moja na matairi ya aina moja, basi pesa ya baba haimshindi mtoto wa jirani, na tofauti inayobaki ni ya mkono na jicho.

Sasa tuje Maniema ya kusini. Watoto wetu wanaunda magari ya waya, na anayeyadharau hajayatazama vizuri. Fremu ni ya waya au ya ubua wa rafia, bodi ni kopo la sardini lililofunguliwa na kukunjwa, magurudumu yamekatwa kwenye soli ya kandambili iliyochakaa. Kutoka kwenye ekseli ya mbele unapanda mti mrefu mpaka kiunoni, juu yake kuna usukani wa waya. Mtoto anakimbia nyuma ya gari na kulikata kona bila kuinama. Ukilipindua utaona waya mmoja mwembamba unaounganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa ndani ya gari la rimoti na kijiti cha plastiki na mota ndogo ya usukani. Mtoto anayeijua kazi hiyo akiwa na miaka tisa si mgeni wa mchezo huu. Ni mwenyeji ambaye hajafunguliwa mlango. Kwa hiyo uwanja wa Kasongo usianze na sanduku la magari kutoka Dubai. Uanze na mbio za magari ya waya, njia ikiwa na kona na vilima, kiingilio kikiwa gari ulilounda mwenyewe. Magari mawili matatu ya rimoti yawe mali ya uwanja, yakodishwe kwa franka chache kwa zamu.

Najua nitakavyojibiwa. Kabambare ni eneo ambalo watu wamekimbia nyumba zao kwa sababu ya bunduki. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, ulioanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, ulisimama mwaka 2019 kwa ukosefu wa usalama. Vijana wanashuka mashimoni kuchimba kwa mikono. Katika hali hiyo, nani azungumze magari ya kuchezea? Hoja hii ni nzito na siibezi. Sidai kwamba uwanja utamtoa kijana shimoni wala utamnyang'anya mtu silaha. Ninachosema ni kidogo zaidi: watoto hao wanacheza tayari, kwa waya na kopo, bila mtu mzima anayesimama kando na kusema, umefanya vema, jaribu ekseli fupi zaidi. Kuwapa mahali na mtu wa kuwatazama hakumnyimi mkimbizi hata sahani moja ya ugali.

Wengine watauliza umeme. Chaja nyingi za mchezo huu hupokea volti 12, kwa hiyo betri ile ile inayojazwa na paneli ya jua na kuchaji simu sokoni inatosha, mradi betri za litiamu zisiachwe zikichajiwa bila mtu, maana zinaweza kuwaka. Na wapo watakaosema bingwa atachoka kucheza na wanaojifunza, ataondoka na jina la uwanja. Apewe mbio zake za mwisho wa siku, kwa mota aitakayo. Lakini tusimwogope. Timu ya soka ya AS Maniema Union ya Kindu, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024–25, na ilicheza mchezo ambao kila mtoto wa mkoa huu anauingia kwa mpira wa mifuko iliyofungwa kamba. Kilele kama hicho hakijengwi kwa kufukuza wasiojua.

Mwenye uwanja basi awe na daftari, na ndani yake aandike kila Jumamosi majina mawili ya kila mbio: wa kwanza na wa mwisho. La kwanza alisome kwa sauti watu wapige makofi. La pili abaki nalo. Jumamosi inayofuata, kabla ya mbio kuanza, alitafute jina hilo kati ya waliofika. Asipoliona, amtume mkubwa mmoja wa mchezo aende kwao, amsalimie mama wa nyumba, amuulize kijana ni gurudumu gani lililovunjika, na aende na kipande cha kandambili mfukoni.